Matofali ya makanisa yetu na jamaa zilizoyafyatua

Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 11, watu wa Babeli hawaanzi kwa kusema habari ya mnara. Wanaanza kwa kuambiana wafyatue matofali na kuyachoma vema motoni. Mnara unakuja nyuma. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 5, wana wa Israeli wanamlilia Farao kwa sababu wamenyimwa majani makavu ya kuchanganya na udongo, na hesabu ya matofali ya kila siku haikupunguzwa. Nabii Nahumu naye, sura ya 3, anataja kukanyaga udongo na kushika kalibu, kama mtu aliyeiona kazi hiyo kwa macho yake. Tofali, basi, si kitu kigeni katika Maandiko Matakatifu. Lakini mtu akituuliza ni nani waliofyatua matofali ya kanisa la parokia yetu, tunanyamaza. Jina la Askofu aliyelibariki tunalijua. Mara nyingi tunalijua hata jina la Padri au Frera aliyechora ramani yake. Kwa wengine tunasema tu: «wakristu walisaidia».

Mambo haya ni ya zamani sana. Wataalamu waliochimbua magofu ya Babeli waliona matofali mengi yaliyopigwa muhuri wa jina la mfalme Nebukadneza. Jina la mtu aliyekanyaga udongo ni vigumu kulipata humo.

Katika makala haya tunataka kuifuata kazi ya matofali katika inchi yetu ya Katanga, kwanza upande wa ziwa Tanganika, kiisha upande wa Lubumbashi, tuone namna ilivyoingia na misioni, ikatoka mikononi mwa misioni, ikawa kazi ya jamaa ambayo baba anamwachia mwanawe. Tunaposema jamaa, tunasema baba, mama, watoto na ndugu zao, wala si lile kundi lililozaliwa Kolwezi kwa mafundisho ya Padri Placide Tempels katika miaka ya 1950.

Kabla ya misioni, watu wa Marungu na wa kando ya ziwa walijenga kwa miti, udongo na majani. Tusiidharau nyumba hiyo. Ilijengwa kwa siku chache, haikuhitaji moto wala kuni nyingi, na mashamba yalipochoka na kijiji kuhama, watu waliiacha bila majuto. Tofali ni kitu cha mtu aliyekusudia kukaa. Neno lenyewe limetufikia pamoja na Kiswahili, kwa njia ya wafanya biashara waliotoka pwani. Nyumba zao za udongo, zenye pembe nne na vibaraza, zilionekana Ujiji na Kasongo kabla ya wamisionari kufika kwetu.

Mwaka 1883 afisa Mbelgiji Émile Storms alianzisha kituo cha Mpala, penye mlango wa mto Lufuko. Mwaka 1885 kituo hicho kilitolewa kwa Mapadri Weupe, nao Mapadri Moinet na Moncet wakakipokea. Mwaka 1887 akafika Kapiteni Léopold Joubert kuwalinda watu na wawinda watumwa. Padri Victor Roelens alifika Mpala mwaka 1892, na mwaka 1893 akaanzisha misioni ya Kirungu, iliyoitwa Baudouinville. Kiisha akawa Askofu wa kwanza wa Kongo ya Juu. Hizo ni tarehe ambazo kila mseminari amezisikia. Sisi tunatazama kitu kimoja tu ndani yake: watu hao wote walikuja kukaa, na kwa sababu hiyo walihitaji matofali.

Tena walikuwa na sababu nyingine, ya hofu. Zilikuwa siku za vita. Ukuta wa miti na paa la majani huwaka upesi kwa kinga moja cha moto kilichotupwa usiku, na mchwa humaliza kile ambacho moto umekiacha. Vitabu, mavazi ya Misa, mbegu, baruti, vyote vilihitaji ukuta mnene. Kwa hiyo tofali la kwanza la misioni halikuwa la uzuri. Lilikuwa la ulinzi. Uzuri ulikuja nyuma, amani ilipopatikana, wakati kanisa kubwa la Kirungu lilipopandishwa juu ya kilima, nalo likashangaza kila mtu aliyepita kwa merikebu ziwani.

Nani alifanya kazi? Kwanza watoto waliokombolewa katika utumwa, ambao misioni iliwalea. Walifundishwa kusoma, kusali na kufanya kazi ya mikono. Walipokua walioana, wakapewa mahali pa kukaa katika vijiji vya wakristu. Hapo ndipo tunaona mbegu ya jamaa za matofali: kijana aliyejifunza kushika kalibu kwa Frera alikuwa na ujuzi ambao jirani yake hana, na ujuzi huo aliingia nao katika ndoa.

Pili, watu wa vijiji vya jirani. Na hapa inafaa kusema kweli bila kuzunguka. Mapadri walipokipokea kituo cha Mpala hawakupokea nyumba tu. Walipokea na ukuu juu ya inchi, kama Storms alivyokuwa nao. Miaka ya kwanza Padri alikuwa mwalimu wa dini, tena alikuwa mwamuzi wa mashauri na mkuu wa kazi. Mkuu huomba watu wa kazi, na watu hawana njia rahisi ya kukataa. Kwa hiyo si kila tofali la misioni za ziwa lilifyatuliwa kwa moyo wa kupenda. Kusema hivyo si kuwatukana wazee wetu wa imani, ambao wengi wao walikufa kwa homa wakiwa vijana na hawakuacha mali yo yote. Lakini historia inayotaja ukombozi wa watumwa na kuficha kazi ya kulazimishwa ni historia ya mguu mmoja.

Monsinyori Roelens alishikilia sana kwamba dini na kazi zifundishwe pamoja. Mtu aweza kuwaza vingine juu ya namna yake ya kutawala; matunda yake lakini yanaonekana. Mwaka 1917, tarehe 21 Julai, Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya wana wa inchi hii katika nyakati zetu. Sisi waseminari na mapadri tunaisherehekea siku hiyo, na tunafanya vema. Ila misioni iliyomlea Kaoze ililea pia waashi, maseremala na wafyatuaji, na hao hawana sikukuu.

Sasa tuieleze kazi yenyewe, maana wengi wanaosoma hapa wamenunua matofali, wachache wameyafyatua.

Udongo hauchaguliwi ovyo. Ukiwa na mchanga mwingi, tofali hubomoka. Ukiwa na mfinyanzi mwingi mno, hupasuka wakati wa kukauka. Fundi huchukua kidogo kiganjani, hukilowesha, hukisokota kama kamba. Kikikatika upesi anakwenda kuchimba pengine. Udongo ukichimbwa hunyweshwa maji na kuachwa ulale, angalau usiku mmoja. Kiisha unakanyagwa kwa miguu mpaka mawe na mizizi yote imetoka na mwili wake umekuwa mmoja. Kalibu ya mbao hutiwa maji au mchanga ili udongo usigandame. Mfyatuaji anatupa bonge kwa nguvu ndani ya kalibu (asipolitupa kwa nguvu, pembe hazijai), analisawazisha kwa mkono au kwa ubao, anapindua kalibu chini, anainua. Tofali linabaki. Linaachwa kwanza lishike, kiisha linageuzwa ubavu, mwisho linapangwa katika mistari yenye nafasi ili upepo upite, na kufunikwa kwa majani, maana jua kali likilikuta bado bichi hulipasua.

Kuchoma ndiyo shule kubwa. Katika kazi za jamaa zetu hakuna tanuru la kudumu. Matofali mabichi yenyewe hupangwa kuwa tanuru. Chini huachwa matundu marefu ya kuwekea kuni. Juu matofali hupangwa kwa nafasi ndogo ndogo ili moto upande. Nje hupakwa udongo ili joto lisitoke. Moto huanza polepole, kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya tofali yakichemka ghafula hulivunja. Moshi mweupe ukikoma, ndipo moto unaongezwa, na kwa siku na usiku kadhaa lazima awepo mtu macho. Tanuru likifunguliwa kabla halijapoa, upepo wa baridi hupasua mengi. Na hata kama yote yamekwenda vizuri, matofali ya pembeni hayakuiva sawasawa na yale ya katikati. Mfyatuaji mwaminifu huyatenga. Asiye mwaminifu huyachanganya, na Padri asiyejua huyalipa yote bei moja. Njia ya kuyajua ni nyepesi: gonga tofali mbili moja kwa nyingine. Lililoiva hulia kama chuma. Lisiloiva hutoa sauti ya kiazi.

Kazi hii yote ni ya kiangazi. Mvua ya kwanza ikinyesha juu ya matofali mabichi yasiyofunikwa, kazi ya mwezi mzima hurudi kuwa matope kwa saa moja. Ndiyo maana jamaa za matofali huhesabu mwaka wao kwa namna yao: tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi ni kufyatua na kuchoma, miezi ya mvua ni shamba.

Twende sasa upande wa kusini. Mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Mwaka 1911 shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo. Katika msitu wa miombo mji ulitaka kusimama kwa haraka: maghala, maofisi, nyumba za wazungu, hospitali, makanisa. Wabenediktini, pamoja na Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, walikuwa wamefika mwaka 1910; Wasalesiani walifika mwaka 1911, wakaanza kufundisha kazi za mikono. Kuelekea mwaka 1920 lilijengwa kanisa la Watakatifu Petro na Paulo, ambalo mpaka leo ni kanisa kuu la jimbo. Ni la matofali.

Udongo wa matofali ulitoka wapi? Mtu wa Lubumbashi hahitaji kujibiwa. Anatazama nje ya dirisha na kuona kichuguu.

Vichuguu vya Katanga ya juu ni vitu vya ajabu, na hatuoni haya kuvikalia kidogo. Vingine vinafika mita 8 kwenda juu, na mita 15 au zaidi upana wa chini. Katika hektari moja ya msitu waweza kuhesabu vitatu, vinne, hata vitano. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini sana, ndiyo sababu kichuguu kina mfinyanzi mwingi kuliko ardhi iliyokizunguka: ni kama ghala la udongo uliokwisha kuchujwa. Wataalamu waliopima umri wa kichuguu kimoja cha inchi hii, na kutoa habari yake mwaka 2015, waliona kwamba chini yake kina zaidi ya miaka 2000. Kichuguu hicho kilianza kabla ya Bwana wetu Yezu Kristu kuzaliwa.

Basi mfyatuaji hukibomoa kwa miezi michache. Hatusemi hivyo ili kumlaumu. Hata makanisa yametoka humo. Lakini inafaa tujue ni nini tunachokitumia. Juu ya kichuguu huota miti ambayo haioti mahali pengine msituni. Humo hutoka kumbikumbi ambao watoto wanawangoja mvua ikianza, na uyoga mkubwa ambao mama huuza njiani. Mwenye shamba akiuza kichuguu chake anapata fedha mara moja na kupoteza hayo yote, ingawa ni kweli pia kwamba mahali kilipokuwa, mahindi husitawi.

Kichuguu kina hila yake. Sehemu za chini huwa na vipande vya chokaa. Kipande kikibaki ndani ya tofali, moto hukigeuza chokaa kali. Tofali linatoka tanuruni zuri kabisa, linajengwa, na mvua ikija chokaa hunywa maji, huvimba, hupasua tofali ukutani. Mafundi wa zamani walijua kuchimba mpaka mahali fulani na kuacha. Ujuzi wa namna hiyo haukuandikwa katika kitabu cha shule. Ulikaa katika jamaa, na jamaa ikivunjika hupotea.

Namna gani kazi hii ilitoka kwa makampuni na misioni ikawa ya jamaa? Tunaona milango mitatu. Wa kwanza ni ndoa. Tangu miaka ya 1927 na 1928 Union Minière iliona heri wafanya kazi wakae na wake zao na watoto wao kuliko kuletwa na kurudishwa kila mara. Makambi yakawa makao ya watu wa kudumu, na mtoto aliyezaliwa kambini hakujua tena kujenga kwa majani. Wa pili ni nyumba za watu wenyewe. Katika miaka ya 1950, kwa mpango uliotiwa nguvu na msimamizi Ferdinand Grévisse, watu wa Élisabethville walisaidiwa kwa mikopo wajijengee nyumba zao, na Katuba ikakua hivyo. Mtu anayejijengea mwenyewe hatafuti kampuni. Anatafuta jirani mwenye kalibu.

Mlango wa tatu ni wa huzuni. Gécamines, iliyorithi kazi ya Union Minière, ilidhoofika sana baada ya mgodi wa Kamoto kuporomoka mwaka 1990. Mishahara ilikoma kulipwa. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, jina ambalo wengi wao hawakulikubali. Mtu aliyeendesha mashine miaka ishirini hurudi nyumbani na kufanya nini? Wengine walilima, wengine waliuza makala, wengine walichimba mawe ya shaba. Na wengine walifungua kazi ya matofali. Kichuguu hakikutaka diploma. Baba huchimba na kufyatua, mama na mabinti huchota maji, vijana hupanga tanuru, na mteja huja na gari au na kinga kuchukua kidogo kidogo. Miji ilipoanza kukua tena na makampuni mapya ya madini, matofali yalitakiwa kuliko zamani.

Hapo tunafika kwenye maneno ambayo mapadri na wakatekista hawawezi kuyaruka, kwa kuwa parokia ni mteja mkubwa.

La kwanza ni kuni. Kuchoma kunakula msitu. Kuzunguka Lubumbashi miombo imerudi nyuma mbali, kwa ajili ya makala ya kupikia kwanza, lakini na kwa ajili ya tanuru. Zamani mfyatuaji alikata miti karibu na kichuguu chake. Sasa kuni zinaletwa kutoka mbali, na bei yake inakula faida ya jamaa. Wengine wanapunguza kuni ili wapate faida, matofali yanatoka hayakuiva, ukuta unakunywa maji. Anayeshindania bei mpaka mwisho anunua, pasipo kujua, lile tofali lenye sauti ya kiazi.

La pili ni watoto. Katika jamaa ya matofali mtoto husaidia, kama vile mtoto wa mkulima husaidia, na hatuoni ubaya katika hilo. Lakini kiangazi hakiulizi siku za shule. Mwezi wa tano na wa sita, wakati wa mitihani, ndio wakati wa kufyatua. Mwezi wa tisa, shule inapofunguliwa, tanuru ndiyo kwanza zinawashwa kwa wingi kabla ya mvua. Mwalimu anaita majina, na mtoto hayupo. Mkatekista anashangaa kwa nini kijana wa Komunyo ya kwanza anasinzia siku ya mafundisho, kumbe usiku alilinda moto. Mashimo nayo huachwa wazi, hujaa maji, na watoto wadogo huchezea humo.

La tatu ni malipo. Mara nyingi parokia hulipa ujenzi kwa vipande, fedha ikifika. Mfyatuaji hawezi kungoja hivyo: kuni amezikopa, kichuguu amekinunua kwa mwenye shamba. Mtume Yakobo, sura ya 5, ameandika neno kali juu ya ujira uliozuiwa wa watu waliovuna mashamba, na hakuna sababu ya kudhani kwamba waliochoma matofali hawamo.

Tumeulizwa na waseminari fulani namna ya kuandika historia ya jamaa za namna hii katika parokia zao, kwa kuwa hakuna vitabu juu yake. Vitabu vipo zaidi ya wanavyodhani. Kardinali Lavigerie aliwaamuru Mapadri Weupe waandike kila siku mambo ya misioni katika kitabu cha siku, na humo kazi ya ujenzi hutajwa mara kwa mara. Kitabu cha batizo na cha ndoa kitakupa majina ya baba, mama na wasimamizi. Ukiona jamaa mbili zinasimamiana katika ubatizo miaka thelathini, mara nyingi zilifanya kazi pamoja.

Kiisha chukua kipimo uende ukutani. Pima urefu, upana na unene wa matofali ya kanisa la kwanza, ya shule, ya nyumba ya Mapadri, ya sakristia iliyoongezwa nyuma. Kipimo kikibadilika, kalibu imebadilika, na pengine fundi vilevile. Tazama rangi na alama za vidole, maana tofali lililogeuzwa likiwa bado bichi huzishika, na moto huzihifadhi. Ukipata za mkono mdogo, andika. Nenda na mzee anayejua kichuguu gani kilitumika. Mara nyingi pamebaki shimo au mahali tambarare penye mahindi mazuri kuliko jirani. Wala usiwaulize wanaume peke yao. Wao watakuambia habari ya tanuru na ya bei. Wanawake ndio waliochota maji, nao wanakumbuka ni mto gani, ni mwaka gani ulikauka, na ni akina nani walikuwa njiani pamoja nao.